Mawazo yanaweza kweli kuzuia mimba? Prolaktini imetoka juu, naambiwa nipunguze stresi tu

binti_wa_ziwani

Habarini wapendwa, naomba mnishauri mana nimefika mwisho.

Nina miaka 29, huu mwaka wa tatu kwenye ndoa, mtoto bado. Nipo Mwanza nafanya kazi kiwanda cha samaki upande wa minofu ya sangara, na toka mwaka jana mwezi wa tatu nimepangwa zamu ya usiku moja kwa moja, tunaingia saa mbili usiku tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, umesimama na mabuti kwenye sakafu ya maji ya baridi, kisu mkononi, ukirudi nyumbani jua limeshatoka na watoto wa jirani ndo wanaanza kucheza, nalala masaa matatu manne hivi nimeamka. Mume wangu ni dereva wa malori, anapakia Dar anapeleka Lubumbashi, akiondoka ni wiki tatu mpaka nne kutegemea na foleni ya mpakani, akirudi anakaa nyumbani siku nne tano anaitwa tena.

Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa nachoma sindano ya miezi mitatu kwa sababu tulikuwa tunamalizia nyumba. Ya mwisho nilichoma mwezi wa 11 mwaka juzi, mwezi wa pili mwaka jana ilipotakiwa kurudiwa sikwenda, kwahiyo toka hapo mpaka leo ni miezi 16 tunatafuta. Hedhi ilikuja kurudi mwezi wa tisa mwaka jana na toka irudi haijawahi kueleweka, mara siku 41, mara 36, kuna moja ilifika siku 52 nikajua tayari nimeshika, nikapima asubuhi kwa kile kipimo cha mkojo, nikakaa chooni nakiangalia kile kistari cha pili kitokee mpaka maji yakakauka. Hakikutokea. Kesho yake nikaingia siku zangu nikiwa kazini.

Nimeenda kupima. Ultrasaundi wakasema kizazi safi. Prolaktini, ile homoni ya maziwa, 41 wakati karatasi inasema mwisho 25. Projesteroni ya siku ya 21 ni 1.2 wakasema mayai hayapevuki. Nikaambiwa homoni zimevurugika kwa ajili ya stresi, nipunguze mawazo. Basi, ndo hivyo tu, nikatoka. Duka moja la dawa nilivyoeleza nikauziwa vidonge vya kupevusha mayai, bado sijameza naogopa.

Kinachoniumiza ni hilo neno "punguza mawazo". Mama mkwe kanipigia Jumapili ananiambia mwanangu wewe una mawazo mengi ndo mana hushiki, wifi nae hivyo hivyo. Sasa mawazo yenyewe si yanatokana na kukosa mtoto? Nayapunguzaje? Na je ni kweli mawazo peke yake yanaweza kuzuia mimba au ndo tunaambiwa tu? Na hivyo vidonge nimeze?

Samahani kwa uzi mrefu.

---

mama_wa_korogwe

Pole sana mdogo wangu, nimesoma mpaka machozi yamenilenga.

Mi nakwambia kilichonitokea mimi. Nilikuwa Dar nafanya kazi ya maduka Kariakoo, kusimama toka asubuhi mpaka usiku, kula ni chai na andazi mpaka jioni, nikakonda, hedhi ikakata miezi mitano kabisa. Nikapimwa mimba hamna, nikaambiwa mawazo. Baadae duka likafungwa nikarudi kwa mama Korogwe, nikakaa miezi minne sina kazi, nakula makande, ndizi, nalala saa tatu usiku. Hedhi ikarudi yenyewe bila dawa na mwaka uliofata nikamzaa huyu wangu wa kwanza. Kwahiyo mimi naamini mawazo yanazuia, mana nilivyotulia tu nikashika. Omba likizo mpendwa, nenda hata kwa mama ukapumzike.

---

mzee_wa_mizizi_tanga

Dada hilo ni chango la uzazi wala usihangaike na hospitali. Bibi yangu ametibu wengi. Mizizi unachemsha unakunywa siku saba, kizazi kinasafishika na mimba inakaa.

---

nesi_kliniki

Mtoa mada pole, na hongera kwa kuandika vitu vyote kwa tarehe, wengi wanakuja hata hedhi ya mwisho hawaikumbuki. Mimi ni nesi mkunga, nimekaa kliniki ya uzazi miaka kadhaa. Sijakuona kwahiyo siwezi kukupa tiba hapa, lakini karatasi zako naomba tuzipitie pamoja mana naona kuna vitu vimepitwa.

Kwanza nijibu swali lako. Ndio, mawazo yanaweza kugusa homoni, ila ngoja nikuonyeshe yanapita wapi. Mayai hayajiamuli yenyewe kupevuka. Kuna sehemu ndogo chini ya ubongo inaitwa haipothalamasi, hiyo kazi yake ni kama mtu anayepiga hodi, kila baada ya saa moja na nusu hivi inapiga hodi kwenye tezi ya pituitari iliyo chini yake. Tezi ikisikia hodi inaitika kwa kumwaga homoni mbili, FSH na LH, kwenye damu, hizo zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mayai, FSH inakuza yai, yai likikua linatoa estrojeni, estrojeni ikipanda ya kutosha LH inaruka juu kwa ghafla na kama siku moja au moja na nusu baadae yai linatoka. Likishatoka kile kifuko kilichobaki kinatengeneza projesteroni ya kuandaa nyumba ya mtoto. Sasa mwili ukiona chakula kinachoingia hakilingani na kazi unayofanya, au hulali, au una hofu ya muda mrefu, homoni za dharura kama kotisoli zinapanda na zile hodi zinapungua, zinakuja kwa kuchelewa. Hodi zikipungua yai linakaa nusu nusu, hedhi inachelewa, na zikizidi kupungua inakata kabisa. Hicho ndo kilichompata mama_wa_korogwe, na mpendwa naomba nikuongezee kitu, wewe hukutulia mawazo peke yake, ulianza kula na kulala. Mwanamke aliyekonda sana ukimwambia tulia bila kumwongezea chakula hedhi haitarudi. Uholanzi kwenye njaa ile ya vita ya 1944 kuingia 1945 wanawake wengi sana walikatika hedhi, na miezi tisa baadae watoto waliozaliwa wakawa wachache, chakula kiliporudi mimba nazo zikarudi.

Ila ukubwa wa hilo jambo usitumike kufunika mengine. Mtu akisema "ni stresi" kabla hajamaliza kupima mimi huwa nakasirika kweli, mana anamwachia mama mzigo wa kujilaumu anakwenda nao nyumbani.

Tuje kwako. Sindano. Ile sindano ya miezi mitatu haiharibu kizazi ila inachelewa kutoka mwilini kuliko njia nyingine zote. Kwa kawaida toka sindano ya mwisho mpaka mtu kushika mimba ni kama miezi 10, kuna wanaoshika mapema na kuna wanaofika mwaka na nusu na zaidi. Wewe ya mwisho ni mwezi wa 11, hedhi imerudi mwezi wa tisa, ni miezi 10 kamili. Kwahiyo ile miezi saba ya mwanzo unayoihesabu kwenye 16 sindano ilikuwa bado inafanya kazi, hukuwa na yai la kutafuta. Itoe, imebaki tisa. Na kwa mizunguko yako ya siku 36, 41, 52 ndani ya hiyo tisa umepata mizunguko sita au saba tu.

Halafu mume. Yai likitoka linaishi masaa 12 mpaka 24. Mbegu zinaweza kusubiri ndani mpaka siku tano. Ina maana siku za kushika ni kama sita tu kwenye mzunguko, tano za kabla na ile yenyewe. Mumeo yupo nyumbani siku nne tano kila wiki tatu nne. Chukua kalenda uangalie ni mara ngapi siku zake za kuwepo zimekutana na hizo sita zako. Naomba ufanye kweli, kaa na kalamu.

Projesteroni. Kipimo cha siku ya 21 ni cha mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Kinatakiwa kichukuliwe siku saba kabla ya hedhi inayofuata, ndo mana kwa wa 28 inaangukia 21. Wa mzunguko wa siku 38 yai lake linatoka karibu siku ya 24, ukimpima siku ya 21 lazima itoke ndogo mana yai lenyewe bado halijatoka! Ile 1.2 haijakwambia kuwa hupevushi. Imekwambia ulipimwa mapema.

Na sasa prolaktini, hapa nataka unijibu maswali. Ulitolewa damu saa ngapi? Ulikuwa umetoka zamu? Umelala? Kuna dawa yoyote unameza, hata ya tumbo, hata ya kichwa? Maziwa yanatoka ukibinya chuchu? Kichwa kinauma sana au macho yanaona finyu pembeni? TSH, kile kipimo cha damu cha tezi ya shingo, walipima? Na umepungua kilo ngapi toka uanze usiku?

Vidonge usimeze mpaka tupate majibu, hata baadae usimeze bila daktari kukufatilia kwa ultrasaundi, mana mayai yanaweza kupevuka mengi kwa pamoja.

Mzee wa mizizi, kwa heshima yako babu, chango ni jina moja linalobeba magonjwa mengi. Nimepokea akina mama walioambiwa chango kumbe ni maambukizi ya nyonga yaliyoziba mirija, wakati wanakunywa mizizi mirija inazidi kushikana. Tumbo la chini likiuma na uchafu unatoka huyo mtu aje apimwe kisonono na klamidia na mwenzake apimwe.

---

Baba_Moro

Wakuu naomba niongee kama mwanaume, mana kwenye nyuzi kama hizi tunapita kimya kimya.

Mtoa mada sijaona sehemu umesema mumeo amepimwa. Mimi mke wangu aliteseka miaka minne. Minne. Alipigwa picha za mirija ile ya kumwagiwa dawa analia kwa maumivu mimi nipo nje kwenye benchi nachezea simu, akapelekwa na mama yangu kwa wazee wa dawa huko Matombo, akaachishwa kazi kwa sababu ya ruhusa za kila wiki, na kote tunaambiwa dada punguza stresi. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikuwa na mwili, nabeba vyuma, nilijiona dume.

Sasa pale jimu kuna jamaa alikuwa anatuchoma sindano za testosteroni tupate misuli haraka. Nilichoma karibu miaka miwili. Siku tumekutana na daktari mmoja mzee akasema baba nawe leta mbegu, nikachukia, nikapeleka. Majibu: sifuri. Hakuna hata moja. Nilidhani wamechanganya kopo. Yule mzee akaniuliza taratibu unachoma nini, nikamwambia, akanieleza hivi, ukichoma testosteroni ya nje ubongo unaona imejaa basi unaacha kuziagiza korodani, na korodani zisipoagizwa hazitengenezi mbegu. Mwili una misuli, ndani pakavu. Hiyo hiyo homoni ya kiume niliyodhani inanifanya mwanaume ndo iliyonifungia.

Nikaacha siku hiyo. Mbegu zinachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa mpaka kukomaa kwahiyo hakuna majibu ya wiki, kipimo cha miezi mitatu bado karibu hakuna kitu, cha miezi tisa zikawa zimerudi. Tuna mtoto wa kike sasa ana miaka miwili. Mama yangu nilimwita sebuleni mbele ya mke wangu nikamwambia mama tatizo lilikuwa kwangu. Alinyamaza muda mrefu, akainuka akaenda kumshika mkwewe miguu.

Mkalishe mumeo chini akirudi. Mwambie kuna baba mmoja Morogoro kasema apime. Siku mbili mpaka saba bila tendo, kopo la hospitali, akitolea nyumbani ifike maabara ndani ya saa moja, aweke mfukoni karibu na mwili isipate baridi. Ni kipimo rahisi kuliko vyote ulivyopitia wewe.

---

binti_wa_ziwani

Baba Moro Mungu akubariki, nimemsomea mume wangu kwa simu neno kwa neno, alikuwa Tunduma kwenye foleni, amekaa kimya alafu akasema "sawa nikifika napima." Sikutegemea.

Dada nesi nakujibu. Damu walinitoa saa nane mchana, nilikuwa nimetoka zamu asubuhi nikaunganisha moja kwa moja hospitali, sijalala kabisa, na nilikaa foleni toka saa mbili. Maziwa hayatoki. Kichwa kinauma kawaida tu ya kukosa usingizi, macho yapo sawa. TSH hawajapima. Kilo nilikuwa 61 nikaanza usiku, sasa 52. Dawa, nina vidonda vya tumbo, nilipewa dawa ya vidonda pamoja na plasil ya kichefuchefu, hiyo plasil naendelea nayo mana nikila usiku kazini chakula kinanirudia, nina kama miezi mitatu naimeza karibu kila siku. Ina uhusiano?

Kalenda nimekaa nayo na kalamu kama ulivyosema. Toka mwezi wa tisa nikihesabu kurudi nyuma siku 14 kutoka kila hedhi iliyokuja, mume wangu alikuwepo kwenye zile siku mara moja. Mara moja tu dada. Nimekaa kitandani nikacheka nikalia.

---

nesi_kliniki

Ahsante mdogo wangu. Sasa nakuelewa.

Plasil ni metoklopramidi na ndio, ina uhusiano mkubwa. Prolaktini ni ile homoni ya maziwa, siku zote ubongo unaishikilia isipande kwa kutumia kemikali inaitwa dopamini. Metoklopramidi inaziba dopamini, mshikaji akiondoka prolaktini inapanda. Domperidoni nayo hivyo hivyo, na dawa nyingi za wagonjwa wa akili. Na prolaktini ikipanda inapunguza zile hodi nilizokwambia, ndo mana mama anayenyonyesha usiku na mchana hedhi inachelewa kurudi. Juu ya hapo presha ya kukaa foleni masaa sita, hata kuogopa sindano tu, vinaweza kuipandisha kidogo. 41 si namba ya kutisha. Ule uvimbe wa kwenye tezi wa kutengeneza prolaktini ukiwa mkubwa namba mara nyingi inapita 200.

Rudi kwa daktari, sio duka la dawa, mwambie: nameza metoklopramidi, naomba mnibadilishie, vidonda viangaliwe upya kwanini bado natapika. Usiache mwenyewe kimya kimya. Akikubali uache, subiri siku kadhaa, alafu prolaktini irudiwe siku ambayo haujatoka zamu, umelala, umeamka kama masaa mawili matatu, umekaa dakika 20 umetulia kabla ya sindano, na usiku wa kuamkia hapo chuchu zisiguswe. Siku hiyo hiyo wachukue TSH mana tezi ya shingo ikiwa mvivu inapandisha prolaktini na kuvuruga hedhi kwa wakati mmoja. Ikirudi juu bila dawa wala uchovu hapo ndo inatafutwa sababu, na kuna vidonge vyake vinaishusha vizuri.

Kilo tisa ni nyingi. Hii ndo stresi inayonishughulisha mimi kwako, mwili unaofanya kazi ya kusimama usiku kucha na tumbo halishiki chakula. Omba kazini kubadilishwa zamu, daktari anaweza kukuandikia barua. Na anza folic acid ya 0.4 mg kila siku kuanzia sasa.

---

kijana_wa_maabara

Naomba kuongezea kidogo kwenye swali la msingi la mtoa mada, mana nimelisomea.

Marekani waliwafatilia wapenzi 501 waliokuwa wanatafuta mtoto, majibu yakatoka 2014. Walipima mate ya wanawake asubuhi, vitu viwili, kotisoli na kimeng'enya kinaitwa alfa amilesi ambacho kinapanda mtu akiwa kwenye presha ya mawazo. Wale waliokuwa na alfa amilesi ya juu kabisa uwezekano wao wa kushika kila mwezi ulikuwa pungufu kwa asilimia 29 kuliko wa chini kabisa. Kotisoli haikuonyesha tofauti. Pungufu kwa asilimia 29 maana yake unachelewa, haina maana hushiki.

Upande wa pili, 2011 walikusanya tafiti 14 zenye wanawake 3,583 waliokuwa kwenye matibabu ya kupandikiza mimba, wakaangalia waliokuwa na huzuni na wasiwasi kabla ya matibabu kama walifeli zaidi. Hawakufeli zaidi. Kwahiyo dada akikaa analia usiku haimaanishi anaua nafasi yake mwenyewe, mwambie mama mkwe hilo kwa heshima.

Na stresi ina njia nyingine isiyo ya homoni. Mtu mwenye mawazo hana hamu, anakosana na mwenzake, hali, anavuta sigara, anakunywa. Au mwenzake yupo kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa.

---

mama_wa_korogwe

Nimejifunza leo. Kweli nilikuwa na kilo 44 wakati ule, sikuwahi kuhusisha na chakula, miaka yote nasimulia watu "nilitulia". Mdogo wangu kula, hata uji wa usiku ubebe kwenye chupa ya chai.

---

binti_wa_ziwani

Wapendwa nimerudi baada ya wiki nane, nilisema nikipata majibu nitawaletea.

Plasil daktari aliitoa akanipima vidonda upya nikakutwa na wale bakteria wa tumboni, nimetibiwa siku 14, sasa chakula kinakaa. Uji nabeba kwenye chupa kama dada wa Korogwe alivyosema, wa ulezi, nakunywa saa sita usiku na saa tisa. Nipo kilo 55. Prolaktini nimerudia nikiwa nimelala vizuri: 17. TSH ipo kawaida. Vidonge vya lile duka nimempa daktari akavitupa.

Kazini barua walikataa mara ya kwanza, ya pili msimamizi mwanamke akaisoma akanitazama akaniuliza "umeolewa mwaka wa ngapi", nikamwambia wa tatu, akanihamisha mchana kwenye kufungasha kuanzia wiki iliyopita.

Mume kapima. Ujazo upo sawa, idadi milioni 48 kwa mililita, ila zinazotembea asilimia 31 na wanataka kuanzia 42. Aliingiwa na hofu sana hakula siku ile. Daktari akamuuliza umeumwa karibuni, na kweli mwezi uliopita alipata malaria kali Ndola, homa siku tano. Akasema homa kali inaweza kushusha mbegu kwa miezi miwili mitatu mpaka zitengenezwe nyingine, arudie baada ya miezi mitatu. Pia asiweke ile simu mapajani na laptopu ya mizigo, apunguze sigara. Ameacha sigara mwenyewe, mimi sikumwambia.

Mama mkwe alinipigia tena. Safari hii mume wangu ndo alichukua simu, akatoka nayo nje, sijui walichoongea, ila hajaniuliza tena.

Mzunguko wa mwisho umekuja siku ya 33. Mwajiri wake kamkubalia safari fupi za Isaka kwa miezi mitatu, hela ni ndogo ila analala nyumbani. Kalenda nimeibandika ukutani pembeni ya kitanda, siku zangu nazungushia wino mwekundu na siku zake za kuwepo anazungushia yeye kwa bluu. Kuanzia tarehe 14 mpaka 19 mwezi huu zimekutana zote.